Kabati la Vioo la Mwalimu Maurice

Jumatatu, 1 Agosti 1966
Kutoka Rongo mpaka Homa Bay hakuna fundi wa kunifikia. Hata Yesu, seremala mwenzangu, angekuja kuomba randa yangu.

Leo nimepata kazi kwa Mwalimu Maurice, nyumba mpya ya mawe. Alitaka kabati la nguo la kawaida. Nikamwambia hayo ni mambo ya wazee! Chumba cha kulala cha kisasa kinataka kabati la kujengewa ukutani, milango yote vioo. Akauliza nimeona wapi. Kwa gazeti, nikasema. (Lilikuwa limefungiwa mandazi. Picha ni picha.)

Sababu yenyewe ni Leonida, mdogo wa mke wa Mwalimu. Jumapili mama yao anakuja mara ya kwanza. Akiona kazi yangu, nitaposa kabla chai haijapoa.

Jumatano, 3 Agosti
Onyancha, fundi jirani, amekuja kuchungulia. Makabati yake ni mazito kama ng'ombe. Akasimama sebuleni, akainamisha kichwa, akasema kitanda kimejificha kwenye pembe, lakini nikiweka kioo pale, mtu wa sebuleni atakiona chote. "Omera, ndugu yangu, fikiria wageni." Nikamwambia kisasa ndicho hicho, kuona! Wivu umemjaa mpaka masikioni.

Ijumaa, 5 Agosti
Nimemaliza. Nimekaza kwa simenti. Hata radi hailing'oi. Leonida alileta uji, akajitazama, akaweka kitambaa chake sawa, akacheka. Nikamwambia akiwa wangu atajiona hivyo kila asubuhi. Akasema niongee kwanza na mama. Hakukataa!

Mwalimu ametundika pazia mlangoni mwa chumba. Linaficha kazi yangu. Linaniudhi.

Jumapili, 7 Agosti
Mama alikuja. Akapewa kiti kinachotazama mlango wa chumba. Mwalimu akakaa mbali, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Nikaona wakati wangu ndio huu. Nikavuta pazia. Nikasema, "Mama, tazama chumba cha kisasa!"

Akatazama. Kioo kikampa kitanda cha mkwe wake kizima: mito miwili, shuka limekunjamana, suruali ya kulalia ya Mwalimu juu yake. Yawa! Kwetu mama mkwe hata kizingiti cha chumba hicho hakanyagi, sembuse kuona kitanda mkwe mwenyewe akiwepo! Akajifunika uso kwa leso, akatoka nje. Kuku aliyepikiwa hakuguswa. Mwalimu akakimbilia jikoni. Nilimwona kwenye kioo. Kinaonyesha vizuri sana.

Jumatatu, 8 Agosti
Mwalimu anataka kabati litoke leo. Halitoki. Simenti yangu! Nimebomoa plasta tu. Onyancha amekuja kupima, ati atafunika vioo kwa mbao. Nimemcheka. Kabati halina kosa, kosa ni la kitanda, kiliwekwa mahali pabaya. Kuna mwenye duka Rongo anajenga. Huyo nitamwekea vioo mpaka darini, na wakwe wake watazame chini.

Asubuhi nikiwa napiga patasi, nilimwona Leonida kwenye kioo. Alikuwa sebuleni, anabeba sanduku, anamfuata mama yake kurudi Rangwe. Nikampungia mkono pale pale kwenye kioo. Aliniona. Akalivuta pazia, akalifunga.

Hilo la posa, basi, ndilo lililoharibika.