Fremu ya Dhahabu ya Mkurugenzi

Inatangazwa kwa heshima kubwa kwamba Idara ya Maji imefuta foleni. Kuanzia sasa mwananchi atagusa skrini iliyopo mlangoni, na huduma itamfuata yenyewe.

Mkurugenzi alilivalia njuga jambo hili, maana Waziri alikuwa anakuja kuzindua, na kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi. Alikitaka kiti kile mpaka usingizi ukawa unampaa.

"Fremu ndani ya fremu," alimwagiza dada anayetengeneza programu ya skrini hiyo. "Ya nje ni ya Idara. Ndani yake, juu kabisa, yangu, ya dhahabu. Chini yake, ya naibu. Ndani ya naibu, mapokezi."

"Na vitufe, bosi? Kuomba maji, kuripoti bomba kupasuka?"

"Vitufe ni kazi. Wapelekee mapokezi. Umeona wapi mkubwa akibeba mzigo?"

"Lakini programu inapima fremu kwa kilichomo ndani. Ikiwa tupu..."

"Dada, utanifundisha uongozi wewe?"

Basi, akapanga alivyoagizwa.

Siku ya uzinduzi pazia likafunguliwa. Mapokezi walijaa skrini nzima, vitufe vimenona. Naibu alikuwa mstari mwembamba wa kuwazunguka. Mkurugenzi hakuwemo. Hata doa la dhahabu!

"Mama, kumbe idara unaibeba wewe," Waziri alimwambia mama wa mapokezi.

"Tumezoea, mheshimiwa," alijibu mama.

Mkurugenzi aliikagua skrini juu hadi chini. Akamvuta yule dada pembeni.

"Mimi niko wapi?"

"Umo, bosi. Ila huna kitu ndani, kwa hiyo programu imekubana mpaka ukaisha."

"Niwekee chochote! Upesi!"

"Vyote vina wenyewe. Kimebaki kitufe kimoja, kila afisa alikikataa."

"Weka hichohicho!"

Dada akabofya. Fremu ya dhahabu ikachomoza juu, pana, inang'aa. Mkurugenzi akashusha pumzi, akanyoosha tai. Loo, raha iliyoje!

Waziri akasogea, akasoma kwa sauti: "Malalamiko yote. Muone Mkurugenzi mwenyewe, ghorofa ya pili."

Watu walipiga makofi, wengine wakaanza kuulizana ngazi ziko wapi.

"Nilitaka kumpandisha cheo huyu," Waziri alisema, ameguswa kwelikweli. "Lakini kiongozi wa namna hii hahamishwi. Abaki hapahapa."

Mpaka leo mlangoni hakuna foleni. Iko ghorofa ya pili.