Ndege wa Siku Saba

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nimeoa! Mimi, Dagane, muuza chaja za simu wa Garissa, nimemwoa Hodan binti Abdirizak wa Balambala. Siku ya kwanza kati ya zile saba za kukaa ndani. Hakuna kwenda dukani. Ni kula, kunywa chai na kumtazama Hodan. Macho yake! Vidole vyake vyenye hina! Hata akimenya ndizi nasahau jina langu.

Kuna jambo dogo tu. Wakati wa uchumba Hodan aliniambia kwamba kwao kila mtu anamjua ndege kwa sauti, kwa sababu wanachunga na kulima kando ya mto. Nikajibu kwamba mimi pia. Ndege wote. Sijui ulimi wangu ulitoa wapi maneno hayo. Kwa sauti ninawajua wawili: kunguru na jogoo.

Leo ameniambia baba yake anakuja Alhamisi kunipima. Anataka kutupa ngamia jike, mweupe, mwenye maziwa. Ila mzee husema mwanamume asiye na masikio hapewi ngamia.

Sina wasiwasi. Nimeagiza kisanduku kutoka Eastleigh. Kinasikiliza ndege uani, kisha kinaandika jina lake kwenye simu yangu. Nimekifunga juu ya mwarobaini, nyuma ya kibuyu kikuukuu. Akili hii hata shuleni haikuthaminiwa.

Jumapili, 12 Januari

Ushindi! Tulikuwa tunakunywa chai uani. Ndege akalia. Simu ikatetemeka ndani ya kikoi changu. Nikainama kama mtu anayejikuna goti, nikasoma. Nikamwambia Hodan, huyo ni hudihudi, mpenzi, yule aliyempelekea Nabii Sulaiman habari za malkia, na leo ameleta habari zako kwangu. Akajifunika mdomo kwa shela. Mabega yakatikisika. Nadhani alikuwa analia kwa mapenzi.

Nilijikuna goti mara kumi na nne. Hodan aliuliza kama nina upele. Jinsi anavyonijali!

Jumatatu, 13 Januari

Dada yangu Ruqiya, ambaye hutuletea chakula, amekiona kisanduku. Alikuwa anatafuta kibuyu. Alinivuta kando akasema, walaal, kaka yangu, tangu lini mwarobaini wetu unazaa redio? Nikamwomba anyamaze. Akasema atanyamaza nikimpa nyirinyiri yote ya harusi. Yote! Nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwa samli na mama mkwe mwenyewe! Nimetoa. Mapenzi ni kujitolea.

Jambo la ajabu: kila Hodan akienda kuoga, ndege wengi hulia upande wa bafu. Leo simu iliandika kwale, kisha bundi, kisha tai, ndani ya dakika moja! Hata ndege wa porini wanamfuata mke wangu! Alipotoka nilimpa orodha nzima, nikaeleza kwamba tai alikuwa na njaa na bundi alikuwa mjane. Hodan alicheka hadi akakaa chini kwenye mchanga na taulo lake kichwani. Sijawahi kuona mwanamke mwenye furaha ya ndoa kiasi hicho.

Jumatano, 15 Januari

Mazoezi. Nimejifunza kusoma simu bila kuinama: naishika ndani ya mkono wa kanzu, natazama kama mtu anayenusa manukato yake. Hodan ameniuliza kwa upole kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia kabla baba yake hajafika. Nikamwambia lipo: nampenda kuliko mvua ya kwanza. Akasema, haya basi.

Ruqiya ameanza kudai na halua.

Alhamisi, 16 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Mzee Abdirizak alifika saa nne asubuhi. Mrefu, mkavu, ndevu nyekundu kwa hina. Akaketi mkekani, akanywa chai kikombe kizima. Kisha akasema, haya adeer, mwanangu, nasikia una masikio. Tusikilize.

Tukasikiliza. Kwenye lango: tok. Tok-tok. Tok.

Nikanusa mkono wa kanzu. Simu ilisema: kigong'ota.

Nikamjibu kwa neno lile lile la heshima, adeer, huyo ni kigong'ota. Dume. Kijana bado. Anatoboa nguzo ya lango letu.

Mzee akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kama ninavyojua jina la mama yangu. Akaniuliza tena. Nikaona ndiyo nafasi ya kuonyesha kwamba mimi pia ni mlinzi wa nyumba. Nikavua kiatu, nikakirusha kwa nguvu zangu zote juu ya ukuta, nikapiga kelele: toka, mharibifu wewe!

Kigong'ota akanguruma. Kamba ikakatika. Kigong'ota akaangusha jiko la jirani na toroli la maji, akakimbia kuelekea sokoni kwa miguu minne.

Alikuwa yule ngamia mweupe. Mzee alimfunga langoni ili atushtukize. Shingoni alikuwa na kengele ya mbao ambayo mzee aliichonga kwa mkono wake. Na mimi ni Msomali mzima! Babu zangu wote walilala wakisikia kengele hiyo! Nyuma ya pazia Ruqiya alikuwa anapiga sakafu kwa kiganja.

Mzee aliinuka polepole. Akasema, adeer, nimeishi miaka sitini na minane, na sijawahi kumkama kigong'ota. Akaenda kumtafuta ngamia wake. Alimpata saa tisa, kwenye soko la mbuzi, anakula miraa ya mtu.

Hodan aliniambia yote. Kisanduku alikiona Jumapili asubuhi. Wale ndege wa bafuni walikuwa yeye, anapiga mluzi huku akijipaka sabuni. Bundi mjane alikuwa mke wangu! Nilitaka kukasirika. Akapiga mluzi wa kwale, taratibu, karibu na sikio langu. Nikashindwa.

Akasema alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Kwamba hakuhitaji mume anayejua ndege, alihitaji mume asiyemdanganya. Nikalia. Nikaapa. Nikakishusha kisanduku mbele yake. Kuanzia leo, ukweli mtupu!

Ijumaa, 17 Januari

Siku ya saba. Mzee amenisamehe, kwa kiasi. Ngamia amerudi Balambala. Mzee amesema tutampata siku nitakayokwenda nimkame mwenyewe mbele yake na ndugu zake, maana yule ngamia hampi maziwa mtu mwoga. Akaniuliza, mbele ya Hodan, kama nimewahi kukama.

Hodan alinitazama kwa yale macho. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemsaidia mwingine kukumbuka jibu.

Nikasema, tangu utotoni, adeer. Ngamia thelathini kila asubuhi.

Mzee akasema vizuri, basi ni Jumapili. Ruqiya amenieleza kwamba ngamia hukamwa mtu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya goti la mguu wa pili. Nimejaribu bafuni na beseni. Nimeanguka mara sita tu. Hodan anabisha mlango na kuuliza ni nini hicho kinachogonga. Nimemwambia ni kigong'ota.