Mnyamapori wa Mama Limi

Kabla ukungu haujainuka, kipaza sauti kilisikika kikikohoa. Ikafuata sauti ya Ndugu Telesphori, Afisa Mtekelezaji wa Siku ya Bure, aliyeitunga sheria ya siku hiyo mwenyewe na kuipenda kuliko mkewe.

"Ndugu wananchi, leo mnaingia hifadhi yenu ya taifa bila kulipa hata senti. Twiga wanawasubiri."

Wananchi walipiga makofi ya wastani. Twiga waliwaona kila siku, shambani mwao.

Wa kwanza kuingia alikuwa Generoza, Mama Limi wa Ushirombo. Hakutafuta twiga. Alikwenda kwenye mti wa pale langoni, akaanza kumfungua maksai wake, aliyekamatwa juzi akila majani ya serikali.

"Mwache, mayu, mama yangu," alisema Telesphori kwa upole wa ofisi. "Kifungu cha tisa: kiumbe chochote kilicholala hifadhini ni mnyamapori. Hakitoki bila kibali cha Dar es Salaam."

"Mnyamapori gani ana sugu ya nira shingoni? Mvua imeanza, baba. Plau haivutwi na maksai mmoja. Nisipolima wiki hii, wanangu watakula hotuba yako?"

"Sheria haitazami shingo. Ila wewe unaruhusiwa kumtazama. Bure."

Aliona amesema vizuri sana. Akapanda Landrova kwenda kukagua furaha ya wananchi. Jioni gari likazama kwenye tope hadi ekseli, akalala humo na mbu.

Asubuhi alirudi langoni kwa miguu. Generoza alikuwa amelala nje ya kizuizi cha lango, kaishika kamba ya maksai iliyopita chini ya kizuizi hicho.

"Mama Limi, lete huyo maksai avute gari."

"Mnyamapori avute gari? Si utafungwa, baba?"

Telesphori alifikiri kwa niaba ya serikali nzima. Kisha akaandika marekebisho: maksai huyu, kuanzia sasa, ni mfugo. Akagonga mhuri, aliotembea nao mfukoni kama wengine wanavyotembea na rozari.

Maksai akavuta, Telesphori akasukuma, gari likatoka topeni. Langoni, askari Masele aliwapitisha Generoza na maksai wake, akakishusha kizuizi mbele ya Landrova.

"Masele, ni mimi."

"Shikamoo, ndugu afisa. Jana ulilala wapi?"

Telesphori aliupapasa mhuri mfukoni.

"Marekebisho ya kifungu cha tisa yamemtaja maksai tu," Masele alisema kwa masikitiko ya kikazi.

"Basi naandika mengine."

"Mnyamapori haandiki sheria, ndugu afisa. Tusubiri Dar es Salaam."

Generoza alikuwa ameshashika njia. Akageuka.

"Usihangaike, baba. Siku ya bure ijayo nitamleta Limi na wadogo zake waje wakutazame."