Benchi la Ufukweni

Kinyozi hakuwa na kichwa cha kunyoa asubuhi ile, ndiyo maana alikuwa anasoma gazeti. Akiwa na wateja, dunia inaweza kuungua upande mmoja yeye asijue.

"Sikilizeni," akasema, akikunjua ukurasa wa katikati. "'Wananchi wakimbilia nyumba za ufukweni. Wataalamu wasema maisha ya baharini huongeza umri.'"

"Si nilisema?" Dalali akaruka kutoka kwenye benchi utadhani limemchoma. "Si nilisema mimi?"

Huyu dalali tunamwita Sebule. Nyumba yoyote akikutangazia anaanzia sebuleni, na chooni hakufikishi mpaka umeshalipa.

"Hebu rudia hapo pa umri," nikasema mimi.

"Huongeza umri." Kinyozi akashusha gazeti. "Mzee Stempu, wewe mkazi wa ufukweni uko hapa hapa. Umeongezewa miaka mingapi?"

Mzee Stempu alikuwa pembeni ya benchi, kikombe cha kahawa kimempoea mkononi. Alipanga barua posta miaka thelathini na moja, akastaafu, na miezi minane iliyopita Sebule akamuuzia nyumba kwenye mtaa mpya uliozungushiwa ukuta, hatua mia mbili kutoka majini. Tulimsindikiza kwa vifijo, tukajua tutakuwa tunamwona misibani tu. Lakini wiki ile ilikuwa mara ya tatu anatokea kwenye benchi letu, na ndiyo kwanza ilikuwa Alhamisi.

"Umri umeongezeka kweli," akasema. "Siku moja kule ni ndefu kama mwezi."

Kinyozi akaangua kicheko. Sebule hakucheka.

"Tatizo lako, mzee, hujazoea raha. Bahari ile pale, upepo wa bure, mlinzi, geti linafunguka lenyewe!"

"Lilikuwa linafunguka. Limeliwa na chumvi. Sasa tunalisukuma mimi na mlinzi, yeye anahesabu moja, mbili, tatu. Bawaba za milango, kutu. Friji, kutu. Televisheni ilianza kuonyesha watu wa kijani, baadaye ikagoma kabisa. Kufuli nililonunua mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu ufunguo ukaingia usitoke. Umo humo mpaka leo kama kidole puani."

"Na maji?"

"Chai inakuja na chumvi yake. Sabuni haitoi povu. Ukioga unatoka unanata, afadhali ya ambaye hajaoga."

"Hiyo ni jela yenye mandhari," nikasema, nikajicheka mwenyewe.

"Lakini majirani zake ni wakubwa!" Sebule akanyoosha kidole juu. "Mawakili, madaktari bingwa..."

"Majirani wapi?" Mzee Stempu akaweka kikombe chini. "Sebule, nitazame. Mtaa ule una nyumba ngapi?"

"Arobaini."

"Wanalala watu kwenye ngapi?"

Sebule akaanza kukagua viatu vyake.

"Moja. Yangu. Wengine wote wamenunua wakafunga, wako ughaibuni huko kwenye baridi. Gazeti halijadanganya, watu wanakimbilia kununua. Kuishi wameniachia mimi."

"Kwa hiyo wewe ndiye mtaa mzima," akasema Kinyozi.

"Mimi na mke wangu. Na kamati. Kamati ya wenye nyumba ipo, inakaa kwenye simu. Nilianika shuka kibarazani. Halijadondosha tone la tatu, ujumbe umeingia: 'Mkazi wa namba saba, ondoa nguo, zinaharibu mandhari.' Mandhari ya nani? Wamefunga kamera kila kona. Mwenyekiti yuko ng'ambo anaangalia theluji kwa jicho moja, kwa jingine ananitazama mimi nikikata kucha."

Hapo tulicheka mpaka mteja aliyekuwa anakuja kunyolewa akapita moja kwa moja, akidhani tunamcheka yeye.

"Sasa wewe si ungetafuta hata mtu wa kuongea naye?" Kinyozi akauliza.

"Nilitafuta. Nilitengeneza benchi."

"Benchi gani?"

"Benchi kama hili. Kwa mkono wangu, mbao za masanduku. Nikaliweka karibu na geti. Siku ya kwanza akaja mlinzi. Siku ya pili mfagizi. Siku ya tatu yule anayesoma mita za maji. Tulibishana mpaka mate yakatukauka! Mfagizi alituambia uongo mmoja mkubwa kuhusu shemeji yake, mpaka leo nikiukumbuka nacheka peke yangu. Nilikwenda nyumbani nikalala kama mtoto mchanga. Siku ya nne kamati ikaitisha kura. Benchi libaki au liondoke."

"Ikawaje?"

"Thelathini na tisa kwa moja."

Kinyozi akalikunja gazeti, akalikalia.

"Basi rudi, mzee," akasema. "Nyumba yako ya huku si bado ipo?"

Na hapo ndipo mimi nilipopoa. Nyumba ya zamani ya Mzee Stempu ni ya tatu kutoka kwa Kinyozi: vyumba vinne, na kimoja cha uani. Amepanga humo mwalimu mmoja, mkewe na watoto wao mapacha. Mwalimu mwenyewe ni mimi.

"Lakini hewa, mzee wangu," nikasema. "Tusiidharau hewa. Hewa ya bahari si mchezo."

Wote wakanigeukia.

"Mwalimu, si wewe umesema sasa hivi ni jela?"

"Jela yenye mandhari, nimesema. Tena mandhari ni tiba. Hata wataalamu wameandika hapo, Kinyozi, hebu inuka tusome."

"Msikilizeni Mwalimu!" Sebule akafurahi kupata wakili. "Msomi huyo!"

Mzee Stempu akatikisa kichwa. "Msiogope, sirudi. Mke wangu hawezi kukubali. Yeye kule anapapenda."

Kinyozi akakohoa.

"Mwajua alikuwa mkunga. Maisha yake yote mlango unagongwa, mtu analia, mtoto analia. Nilimwahidi akistaafu atapata utulivu. Sasa kila asubuhi anafungua dirisha, anavuta pumzi, anasema, 'Kimya kizuri hiki.' Mtu kama huyo nitamwambiaje kwamba mimi hicho kimya kinaniua? Ndiyo maana namdanganya."

Kinyozi akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Leo anajua nimefuata rangi ya kuzuia kutu. Juzi pia nilifuata rangi. Kwa rangi niliyokwisha kununua kwa mdomo ningepaka meli nzima."

"Na yeye saa hizi yuko wapi?" nikauliza.

"Kliniki ya presha. Jumanne na Alhamisi hakosi. Mwanamke anajitunza yule, si kama mimi."

Kinyozi sasa alikuwa anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Nikamwambia anywe maji.

"Mwacheni akohoe!" sauti ikatoka nyuma yetu. "Mwenzio anajaribu kukuokoa nusu saa nzima, wewe husikii!"

Nyuma ya benchi letu ni ukuta wa mbao nyembamba, na nyuma ya ukuta huo ni saluni ya mke wa Kinyozi. Pazia likafunguliwa. Akatoka Mkunga, mke wa Mzee Stempu, taulo mabegani, nywele za upande mmoja zimesukwa, za upande wa pili zimesimama wima.

Mzee Stempu akainuka, akakaa, akainuka tena.

"Ndiyo kliniki hii?"

"Ndiyo. Presha yangu inashuka nikisukwa. Na hiyo rangi yako iko wapi?"

"Lakini wewe... Si unasema kimya kizuri?"

"Ulitaka nisemeje? Umeweka kiinua mgongo chako chote pale. Kila asubuhi nikifungua dirisha unanikodolea macho kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani. Nikakupa maksi. Mtoto wa mwisho kulia mtaa ule alikuwa kwenye televisheni, na televisheni yenyewe imekufa. Wiki iliyopita nilimpima mlinzi presha mara nne kwa siku moja. Hana presha yule! Nilitaka tu mtu aniambie anaumwa wapi."

Mzee Stempu akasogea, akampisha kwenye benchi, akaokota kile kikombe cha kahawa baridi akampa. Mkunga akakaa, akanywa yote.

"Mimi nadhani," Sebule akaanza, "tusifanye uamuzi kwa hasira, soko kwa sasa..."

"Wewe nyamaza, bado sijakufikia." Mkunga akanigeukia mimi. "Mwalimu."

"Naam, mama."

"Kile chumba cha uani analala nani?"

Nilitamani kusema analala mama mkwe wangu. Lakini mtu huyu ndiye aliyewapokea mapacha wangu, usiku mmoja, mmoja baada ya mwingine; kumdanganya ni kazi.

"Baiskeli mbovu, mama. Na madaftari ya wanafunzi ya miaka minne."

"Yanaumwa?"

"Hapana."

"Basi yatoe. Vyumba vya mbele ni vyenu, mkataba ni mkataba. Sisi wawili cha uani kinatutosha. Nyumba ya ufukweni huyu bwana ataitafutia mpangaji, na safari hii aanzie getini."

"Mama, naweza kupata maharusi wa fungate!" Sebule akaitikia haraka. "Hao hawataki majirani!"

Kijiwe kikavunjika kwa zamu. Kinyozi akapata mteja, Sebule akapata simu, au alijifanya. Mimi nikaongozana na wazee wangu kwenda kutoa baiskeli. Mkunga hakukubali kurudi saluni kumaliziwa nywele kwanza. Alisema nywele haziendi popote.

Dirisha la chumba cha uani lilikuwa limegoma. Mzee Stempu akalisukuma kwa bega, mimi kwa mikono, likafunguka kwa kishindo na vumbi likatujaa usoni.

"Nani huyo anafungua hilo dirisha?" ikauliza sauti ya mama mmoja ng'ambo ya ukuta.

"Mimi!" Mkunga akaitikia.

"Mimi nani? Mkunga?"

"Ndiyo! Nimerudi!"

Kukawa kimya, hata nikadhani yule mama ameguswa, pengine anafuta machozi.

"Basi nirudishie chekeche langu!" sauti ikapasuka. "Miezi minane nachekecha unga kwa kitambaa!"

Mkunga akazishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kifua kimemjaa kicheko.

"Njoo ulifuate!" akapiga kelele. "Njoo mwenyewe! Na uje na ndoo yangu, mwizi mkubwa wewe!"