Friji Zisizokula Umeme

Ruksa ya kuagiza bidhaa nje ilipoingia, kila takataka ya Ulaya ilipata njia ya kufika Tukuyu. Mwanabibi, mwenye duka la vyombo vya umeme sokoni, alijaza friji za mitumba. Wateja walizipapasa, wakauliza, "Inakula umeme kiasi gani?" kisha wakaenda zao.

Prosper aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Alikuwa na suti moja, pikipiki moja na vyeo visivyo na idadi. Kesho yake akarudi akiwa mkaguzi.

"Mama, kuna sheria mpya," alisema, akitandaza stika za nyota alizochapisha Mbeya. "Kifaa kisichokula umeme sana kinapata nyota tano. Kisicho na nyota hakiuzwi. Nipe friji tatu nikazipime maabara."

Maabara yenyewe ilikuwa kwa Muddy, fundi wa Mbeya, ambaye wanunuzi alishawapata.

"Sheria nzuri," alisema Mwanabibi. "Ila mali yangu haitoki bila dhamana. Acha pikipiki."

Prosper alisita. Ile Honda ndiyo iliyomtoa salama katika kila mji alioukoroga. Lakini friji tatu ni friji tatu, jamani! Akaacha ufunguo, akakodi pikapu, akashika njia ya Mbeya huku anapiga mluzi.

Muddy alifungua friji ya kwanza kwa nyuma, akakuna kichwa. Kompresa, mashine ya kupozea, hakuna; mahali pake limefungwa tofali. Ya pili, tofali. Ya tatu, tofali.

"Umepigwa, kaka," alisema, akacheka mpaka akakaa chini.

Prosper aliumia sana. Nchi imefika wapi, mtu anamdanganya mkaguzi wa serikali mchana kweupe! Lakini pikipiki aliitaka, kwa hiyo alizirudisha friji Tukuyu kwa pikapu ileile.

Dukani alimkuta Mwanabibi na Ambwene, mzee wa Kyimo mwenye baa, bahili wa kutajwa.

"Huyu hapa mkaguzi!" Mwanabibi alimpokea. "Mwambie mzee, zimepata nyota ngapi?"

Prosper alifungua mdomo aseme ukweli. Mwanabibi akauzungusha ufunguo wa Honda kidoleni.

"Tano," alisema Prosper.

Taa zikazimwa, friji ikachomekwa. Ambwene akaikodolea macho mita. Kisahani hakikusogea.

"Mwe! Mbona hata hailii?"

"Zinazolia ni za kizamani, baba. Hii haili umeme hata chembe." Hapo Prosper aliapa kwa dhamiri safi, kwa mara ya kwanza maishani.

"Na kupoza?"

"Weka mkono ndani."

Ilikuwa Julai, na Tukuyu ya Julai hata kabati la nguo linapoza. Ambwene aliutoa mkono akiupulizia.

"Ndaga, asante kijana! Nachukua zote."

Akalipa. Prosper akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Ngoja," alisema Ambwene. "Maneno matupu siyataki. Pikipiki yako ikae baani kwangu, bia zipoe kwanza, na bili ije niione."

Mwanabibi hakupepesa macho. Alimkabidhi Ambwene ufunguo, akafunga noti kwenye pindo la khanga.

"Mama!" Prosper alilia. "Pikipiki yangu!"

"Sheria ni yako, mwanangu, mimi naifuata tu. Hebu kaa, usiondoke. Nina pasi kumi ndani hazina waya, nazo zinaomba nyota."