Gego la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Jino linanitesa tangu jana. Gego la juu, kushoto. Mke wangu ananikumbusha kwamba alinibembeleza mwaka mzima nijiandikishe bima ya serikali. Ananikumbusha kwa raha zake zote. Mimi nipange foleni na wale wajinga? Thubutu! Shemeji yangu, kaka yake, fundi baiskeli, anayo kadi. Picha imefifia, inaweza kuwa ya mtu yeyote. Nimeiazima kutoka mfuko wa shati lake bila kumsumbua kwa maswali.

Jumatano, 5 Machi

Zahanati. Benchi moja, wagonjwa pomoni, na daktari wa meno anayekuja Jumatano tu, utadhani mgeni rasmi. Mashine ya alama za vidole imefunikwa kitambaa. Haijafanya kazi tangu iletwe. Serikali nzima, nimeipiga chenga!

Nesi akatazama kompyuta, akanipongeza. Kibali changu kimetoka: kung'oa gego la chini, kulia. Nikasema linaloniuma ni la juu, kushoto. Akasema bima hulipia jino lililoidhinishwa, si jino linalouma. Kama nabisha, amwite msimamizi aje ahakikishe mdomo huu ni wa nani. Nikasema hapana dada, la chini kulia ndilo hasa.

Daktari akaligonga, akashangaa kulikuta zima. Lakini kibali ni kibali. Akaling'oa! Mama yangu!

Alhamisi, 6 Machi

Shimo kulia, maumivu kushoto. Nakunywa uji kwa mrija. Kadi nimeirudisha, hakuna aliyejua. Ushindi ni ushindi.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaenda kuulizia kibali alichokisubiri miezi. Kaambiwa gego lake lilishang'olewa. Akapanua mdomo awaonyeshe. Nesi akamjibu kwamba hilo analoonyesha halipo kwenye mfumo. Amekuja kwetu analia, mtu mzima, shavu limevimba. Nilimwonea huruma kidogo. Nilijihurumia mwenyewe zaidi.

Mke wangu akalitazama shavu lake, akalitazama langu, akaniamuru nifungue mdomo. Nikakataa. Akamwambia kaka yake alete koleo. Nikafungua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelala kwenye kochi. Masharti ya mke wangu: leo nijiandikishe bima, kisha nikakiri kwa msimamizi ili shemeji arudishiwe jino lake kwenye mfumo, ndipo ling'olewe. Nimefika. Foleni imezunguka jengo. Wajinga wale wale! Nikageuza.

Isitoshe, nimeikumbuka kadi ya baba mkwe. Mzee hana hata jino moja mdomoni. Sasa hapo watang'oa nini kimakosa?