Aya Nne Kuhusu Chai

Jumatatu, 3 Machi
Kosa la watu wengi ni kujibu swali kwa neno moja, kana kwamba maneno yanauzwa kwa kilo. Mimi sina kosa hilo. Ndiyo maana nimetolewa wa kwanza.

Nieleze. Mchezo wa familia tunaucheza kwenye simu, majibu kwa maandishi, mabishano kwa sauti. Mmoja wetu ni mbwamwitu kwa siri, wengine ni wanakijiji. Tunabishana, tunapiga kura, tunamtoa tunayemshuku. Kabla ya siri kugawanywa, msimamizi huuliza swali dogo la kuchangamsha baraza. Msimamizi ni mjukuu wangu, anasoma mbali. Leo: chai au kahawa? Niliandika aya nne, nikianzia na udongo. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote. Chai haianzi kikombeni. Binti yangu akasema mwenye maelezo mengi ana la kuficha. Kura zote kwangu. Nami mwanakijiji safi!

Jumatano, 5 Machi
Wa kwanza tena! Swali: unaogopa nini? Nilijibu, kisha nikaanza kuthibitisha kwamba swali huulizwa kabla ya siri kugawanywa, kwa hiyo jibu haliwezi kumfichua mtu. Hoja ya pili sikuimaliza. Mwanangu alisema, haya Baba, pumzika sasa.

Hatari iko hapa. Anayetolewa wa kwanza mara tatu mfululizo humpisha anayengoja. Anayengoja ni shemeji mfamasia, kaka wa mke wangu, mtu wa kucheka kabla hajamaliza utani wake. Nikimpisha, sauti ya mjukuu nitaisikia wapi? Akinipigia huwa ana haraka. Mchezoni hana haraka.

Alhamisi, 6 Machi
Mkakati: neno moja tu. Nimembembeleza mke wangu amchokonoe mjukuu, anipatie swali la kesho. Akarudi upesi mno: ungekuwa mnyama, ungekuwa nani? Nimechagua kobe. Sababu ninazo kumi na moja. Nimezimeza zote. Zinauma kama mfupa wa samaki. Neno lenyewe nimelihifadhi kwenye simu, tayari kubandikwa.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani ilikuwa jikoni. Swali likatokea, nikabandika. Wa kwanza kujibu!

Swali: nani alikufundisha kuendesha baiskeli?

Jibu langu: Kobe.

Kisha shemeji, mtazamaji tu, akauliza kama kobe alishika usukani au alisukuma kwa nyuma. Binti akasema Baba hajawahi kuandika neno moja tangu azaliwe, huyu ni mbwamwitu! Kura zote. Nilikuwa mwanakijiji. Mara ya tatu.

Mke wangu amekiri kwamba lile swali alilibuni mwenyewe, ili nimwache asikilize redio.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji amekalia nafasi yangu. Ametuma picha ya kobe juu ya baiskeli.

Asubuhi mjukuu alipiga. Alisema, pole Babu, sheria ni sheria. Kisha akasema anayapenda maelezo yangu marefu kuliko mchezo wenyewe, na jioni hii atanipigia, sisi wawili tu, bila haraka. Swali lake ni moja: hujambo, Babu?

Nilijibu neno moja tu: haya. Mimi!

Lakini sasa nimetulia. Jibu nimeshaliandaa: aya sita, utangulizi kando. Nadhani nianzie na mvua.

La kufanya leo: chaji simu mpaka ijae.